Karatasi, tofali, jukwaa au siku huru: mchezo upi uiamshe timu ya usanifu?

Timu ya usanifu iliyopoa haipigi kelele. Kazi zinatoka kwa wakati na mteja halalamiki, lakini kila ukurasa mpya unafanana na uliotangulia. Kikao cha kukosoa kazi kinaisha mapema kuliko zamani, kwa sababu hakuna anayekosoa. Watu wawili wanaokaa meza moja wanatumiana ujumbe badala ya kugeuza shingo. Kiongozi akiuliza kuna nini, anajibiwa "tuko sawa".

Ushauri unaotolewa haraka kwa timu ya namna hii ni kuichezesha. Si ushauri mbaya, ila michezo ni mingi na haifanyi kazi moja. Hapa nimeziweka sambamba aina nne ambazo wasanifu huzitumia sana: michezo ya kuchora, michezo ya kujenga kwa mikono, maigizo ya papo kwa papo, na siku ya kazi huru. Mechi za mpira na matembezi ya pamoja nimeviacha kando. Vina faida zake, lakini havigusi namna watu wanavyofikiri wakiwa kazini, na huko ndiko timu nyingi zinakokwama.

## Kwanza, kilichopoa ni nini?

Timu hupoa kwa namna mbili, na mara nyingi viongozi huzichanganya. Ya kwanza ni fikra kukauka. Watu wanapatana, wanataniana, wanasaidiana, lakini wakikaa kutafuta wazo wanarudi kwenye suluhisho la mradi uliopita. Ya pili ni watu kutengana. Mawazo yapo, tena mazuri, lakini kila mtu anayafungia kwenye faili lake kwa kuogopa kuchekwa, kupuuzwa au kuporwa sifa.

Ili kuzitofautisha, tazama kinachotokea mara tu kikao kinapoisha. Kama watu wanarudi kwenye kazi zao kimya kwa sababu kweli hawakuwa na la kuongeza, fikra ndizo zilizokauka. Kama wanatoka na kuanza kusemezana wawili wawili pembeni, "mimi pale ningefanya hivi", basi wazo lilikuwamo chumbani na halikupata mlango. Hilo ni tatizo la uhusiano, na halitibiwi kwa mchezo wa kuchora.

Mwaka 1999 Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha utafiti wa timu za kazi katika kampuni moja ya viwanda. Alionyesha kwamba timu zinazojifunza zaidi ni zile ambazo watu wake wanaamini hawatadhalilishwa kwa kuuliza au kukiri kosa. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1979, mwanasaikolojia Teresa Amabile alikuwa amechapisha jaribio linalowahusu wasanifu moja kwa moja. Wanafunzi walitengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Baadhi yao waliambiwa mapema kwamba kazi itatathminiwa, na hao, kwa macho ya wasanii waliopewa kazi ya kuamua, walitoa picha zenye ubunifu mdogo zaidi.

Ndiyo maana mchezo unaweza kufanya kazi ambayo kikao hakiwezi: kwa muda mfupi unaondoa jicho linalopima. Kutokana na hilo yapo masharti mawili yasiyobadilika kwa michezo yote minne. Hakuna alama wala zawadi. Na bosi acheze kama wengine au atoke nje. Bosi anayesimama pembeni na daftari ameshaugeuza mchezo kuwa usaili.

## Vigezo nilivyotumia

Kila aina nimeipima kwa mambo matano. Muda na maandalizi: inachukua saa ngapi, na inahitaji vifaa au mwezeshaji? Fikra: inaleta mawazo mapya kweli au inachangamsha tu? Uhusiano: inawaleta watu karibu kwa kiasi gani? Mkimya na aliye mbali: asiyependa kusema na anayeshiriki kwa video wanapata nafasi sawa? Kinachobaki: wiki mbili baadaye, kuna chochote cha kuonyesha?

## 1. Michezo ya kuchora

Unaojulikana sana ni wa miduara 30, unaohusishwa na Bob McKim aliyefundisha usanifu Chuo Kikuu cha Stanford. Kila mtu anapewa karatasi yenye miduara 30 mitupu na dakika 3 za kuigeuza kuwa vitu vinavyotambulika. Wengi hawaimalizi.

Wa pili ni wa michoro 8. Karatasi inakunjwa mara tatu ili itoe vyumba vinane, kila chumba kinapewa wazo moja na dakika moja, na dakika ya nane ikiisha kalamu zinawekwa chini. Jake Knapp na wenzake wa Google Ventures, tawi la uwekezaji la Google, waliusambaza kupitia utaratibu wao wa siku 5 wa kujaribu wazo la bidhaa.

Wa tatu ndio wa zamani zaidi. Wasanii na washairi wa kisurealisti wa Paris, yaani waliosaka sanaa katika ndoto na bahati, akina André Breton na Yves Tanguy, waliucheza katikati ya miaka ya 1920. Mmoja anachora kichwa, anakunja karatasi, mwenzake anachora kiwiliwili bila kuona kichwa, na mwingine anamalizia miguu.

Muda na maandalizi. Dakika 5 hadi 20, karatasi na kalamu. Chagueni kalamu zenye ncha nene. Inaonekana jambo dogo, lakini kalamu nyembamba humrudisha msanifu kwenye kupamba na kunyoosha mistari, na muda unakwisha akiwa bado kwenye mchoro wa kwanza.

Fikra. Hapa ndipo nguvu ya michezo hii ilipo. Kwenye miduara, vitu vya mwanzo karibu kila mtu anavyo: jua, saa, mpira, uso unaotabasamu. Kazi inaanza pale hivyo vinapoisha. Kuna atakayekwama, kuna atakayeunganisha miduara miwili akapata miwani au baiskeli, na kuna atakayechora nje ya mduara. Baada ya muda kuisha msihesabu nani amemaliza ngapi. Ulizeni nani amevunja sheria ambayo hakuna aliyeiweka, kisha mtazame mradi mlio nao mezani kwa swali hilo hilo. Maongezi hayo yana thamani kuliko michoro yenyewe.

Michoro 8 ina faida ya ziada kwa kuwa inaweza kuchezwa juu ya kazi halisi. Michoro miwili mitatu ya kwanza ni mawazo ambayo mtu aliingia nayo chumbani. Kuanzia wa tano hivi anaanza kubahatisha, na katika kubahatisha huko ndimo wazo geni hujitokeza.

Uhusiano. Miduara na michoro 8 haisaidii sana, kwa sababu kila mtu yuko peke yake na karatasi yake. Mchezo wa tatu, wa kukunja na kupokezana, ndio tofauti. Kiumbe kinachotokea hakina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kusifiwa wala wa kuaibika, na watu hucheka pamoja bila kumcheka mtu.

Mkimya na aliye mbali. Kwa kigezo hiki hakuna aina nyingine inayofikia hii. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilinganisha makundi ya watu wanne wakitafuta mawazo kwa kusema pamoja na watu wanne wakifikiri kila mmoja peke yake. Waliofikiri peke yao, mawazo yao yakijumlishwa, walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: katika kundi mtu mmoja tu husema kwa wakati, na wengine wakingoja zamu mawazo yao yanazimika. Kwenye karatasi hakuna kungoja zamu. Kwa timu iliyotawanyika, tumieni ubao wa mtandaoni kwa njia ya Bernd Rohrbach ya mwaka 1968: watu 6, kila mmoja aandike au achore mawazo 3 kwa dakika 5, kisha aisukume karatasi kwa jirani ajengee juu yake, hadi mizunguko 6 itimie. Kwa nusu saa mna mawazo 108, mengi yakiwa hovyo, na machache ya kushikiliwa.

Kinachobaki. Karatasi za michoro 8 zinaingia moja kwa moja kwenye mradi. Miduara na viumbe vya kukunja havina pa kuingia zaidi ya ukutani. Na athari yake hupotea upesi: mchezo mmoja kila baada ya miezi mitatu ni burudani, dakika kumi kila wiki ni mazoezi.

Inawafaa timu zinazopatana lakini zimekauka, timu zenye watu wakimya wengi, na kiongozi ambaye hajawahi kuendesha mchezo wowote.

## 2. Michezo ya kujenga kwa mikono

Maarufu kuliko yote ni mnara wa tambi. Aliyeubuni ni Peter Skillman, na Tom Wujec akaupeleka mbali katika hotuba yake ya mwaka 2010 kwenye TED, jukwaa la hotuba fupi. Watu wanne wanapewa tambi kavu 20, selotepu ya karibu sentimita 90, uzi wa urefu huo huo, na mashimelo moja, yaani ile peremende laini inayobonyea. Kwa dakika 18 wajenge mnara unaosimama wenyewe, mashimelo ikiwa kileleni.

Njia nyingine ni Lego Serious Play, inayotumia matofali madogo ya plastiki ya kuchezea. Ilianza katikati ya miaka ya 1990 kwa fikra za maprofesa Johan Roos na Bart Victor wa shule ya biashara ya IMD, Uswisi, ikaendelezwa na Robert Rasmussen ndani ya kampuni ya Lego, na tangu mwaka 2010 misingi yake iko wazi kwa yeyote kuitumia. Haina mshindi. Linaulizwa swali, kila mtu anajenga jibu lake kwa matofali, anaeleza alichojenga, na wenzake wanauliza kuhusu kile kitu kilicho mezani.

Muda na maandalizi. Mnara unachukua chini ya saa moja pamoja na maongezi, na vifaa vyake vinaishia kwenye pipa la taka. Matofali yanahitaji nusu siku ili yafike mbali, mfuko wa matofali ya kutosha kila mtu, na mwezeshaji anayejua kuuliza swali zuri. Swali bovu, "jenga maono ya timu yetu", huzaa minara na bendera tupu.

Fikra. Mnara wa tambi unafundisha somo moja, ila unalifundisha vizuri. Wujec alieleza kwamba watoto waliomaliza chekechea hufanya vizuri kuliko wahitimu wa shule za biashara. Wakubwa hupanga, hubishana nani aongoze, hujenga, na sekunde za mwisho huweka mashimelo juu. Mnara unapinda. Watoto huanza na mashimelo mkononi, wanajaribu, unaanguka, wanajaribu tena. Msanifu aliyeremba ukurasa wiki nzima bila kumwonyesha mtumiaji hata mmoja atajiona humo bila kuambiwa. Kasoro yake ni kwamba unachezwa mara moja tu. Ukirudiwa, kila mtu anajua siri.

Matofali hayaleti mawazo mengi mapya ya bidhaa, na anayesema yanaleta anayauza. Kazi yake ni kutoa nje kile ambacho watu wanakijua lakini hawajapata namna ya kukisema.

Uhusiano. Kwa hilo matofali yana nguvu isiyo ya kawaida. Mwambieni kila mtu ajenge kinachomkwamisha katika kazi. Mmoja atajenga lango ambalo kila kazi lazima ipite na mlinzi aliyelala. Wote wanajua mlinzi ni nani, lakini macho yako kwenye plastiki, si kwenye uso wa mtu, na mlinzi mwenyewe anaweza kuuliza, "Angeamka, ungependa afanye nini?" Maongezi ya namna hiyo yakianzishwa kwa mdomo mtupu huwa ugomvi.

Mnara wa tambi ni hadithi nyingine. Unaonyesha uhusiano ulivyo zaidi ya kuutengeneza: nani anashika tambi kwanza, nani haachii, nani hakuulizwa. Na hapa zawadi ni hatari hasa. Wujec alisimulia alivyowahi kuweka zawadi ya programu za kompyuta zenye thamani ya dola 10,000 kwa timu itakayoshinda. Timu zilikuwa 10, na muda ulipokwisha hapakuwa na mnara hata mmoja uliosimama.

Mkimya na aliye mbali. Kwenye matofali kila mtu hujenga na kila mtu hueleza, kwa hiyo mkimya ana zamu yake bila kuipigania. Kwenye mnara husukumwa pembeni. Kwa walio mbali aina hii ni dhaifu. Mnaweza kujenga kwa chochote kilicho mezani kwa kila mtu, vibanio, vifutio, vikombe, na inachekesha, lakini uzito unapungua.

Kinachobaki. Pigeni picha kila umbo na muandike sentensi ya mwenyewe chini yake. Bila hivyo matofali yanarudi mfukoni pamoja na yote yaliyosemwa.

Inawafaa timu mpya zisizojuana, timu zenye jambo lisilosemwa, na wale wanaochelewa kujaribu kazi zao kwa watumiaji.

## 3. Maigizo ya papo kwa papo

Mazoezi mengi ya aina hii yanaanzia kwa Viola Spolin, aliyeyaunda Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930 akifanya kazi na watoto wa familia za wahamiaji. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa The Second City, ukumbi wa vichekesho uliofunguliwa mwaka 1959. Timu ya usanifu haihitaji kufika huko. Inahitaji mazoezi matatu: kioo, ambapo wawili wanatazamana na mmoja anafuata miondoko ya mwenzake hadi isijulikane nani anaongoza, hadithi ya neno moja moja, inayozunguka duara, na "ndiyo, na…", ambapo kila wazo linakubaliwa na kuongezewa kabla ya kupimwa.

Muda na maandalizi. Dakika 15 zinatosha kuchangamsha kikao. Kwa mabadiliko ya kweli hesabuni saa mbili tatu na mwezeshaji mwenye uzoefu. Vifaa ni nafasi ya kusimama tu. Mwezeshaji hapa si anasa. Kiongozi anayeendesha maigizo kwa mara ya kwanza huku akitoka jasho anawaambukiza wote.

Fikra. Barry Kudrowitz, katika utafiti wake wa udaktari mwaka 2010 katika MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliwalinganisha waigizaji wa vichekesho vya papo kwa papo na wasanifu wa bidhaa wenye taaluma. Waigizaji walitoa mawazo ya bidhaa 20% zaidi. Pia kundi dogo la watu 11 waliopitia warsha ya maigizo liliongeza idadi ya mawazo kwa wastani wa 37% katika kikao kilichofuata. Watu 11 ni wachache, nisingejenga sera juu yao. Lakini mwelekeo unaeleweka: anayefanya mazoezi ya kutojihukumu kwa nusu sekunde hutoa mengi.

Tahadhari moja. "Ndiyo, na…" ni ya mzunguko wa kwanza. Timu inayoipeleka hadi kwenye kikao cha kukosoa kazi huishia kupitisha kila kitu kwa tabasamu, na usanifu mbovu unahitaji mtu wa kusema hapana.

Uhusiano. Hakuna kinachowaleta watu karibu haraka hivi, wala kinachoweza kuwaumiza haraka hivi. Mtu akikosea mbele ya wenzake na wakamshangilia, kitu kinalegea kwa siku nyingi. Akikosea na kiongozi akatabasamu kwa namna fulani, kinakaza zaidi ya mwanzo. Timu yenye uhasama ndani yake isianzie hapa.

Mkimya na aliye mbali. Kwa mkimya hii ndiyo ngumu kuliko zote. Inapungua makali kama wote wanacheza kwa wakati mmoja wawili wawili, bila hadhira, na kama kukaa nje ni ruhusa ya kweli isiyofuatwa na maswali. Kwa video, hadithi ya neno moja moja inawezekana. Kioo kinavurugwa na ucheleweshaji wa picha.

Kinachobaki. Hakuna karatasi, hakuna picha. Kikifanikiwa, kinabaki kwenye masikio: mnaanza kusikia "lakini" nyingi zinazotamkwa kwenye vikao vyenu.

Inawafaa timu zenye kuaminiana kiasi, ambazo zimekuwa na adabu kupita kiasi, na wale wanaowasilisha kazi kwa wateja mara kwa mara.

## 4. Siku ya kazi huru

Kampuni ya programu ya Atlassian, ya Australia, ilianza utaratibu huu mwaka 2005: kwa saa 24 mfanyakazi afanye anachotaka, ilimradi isiwe kazi yake ya kila siku, kisha aonyeshe alichopata. Waliuita siku ya FedEx, kwa jina la kampuni ya kusafirisha vifurushi, kwa kuwa mzigo lazima ufike kesho yake. Baadaye ukaitwa ShipIt. Kwa wasanifu inaweza kuwa kuchora aina mpya ya herufi, kusanifu upya ile fomu ya ndani ambayo kila mtu anaichukia, au bango lisilo na mteja.

Muda na maandalizi. Ndiyo ghali kuliko zote kwa muda: siku nzima ya timu nzima. Maandalizi ni machache, isipokuwa kumwambia kila mteja mapema. Na iwe ndani ya saa za kazi. Siku huru inayofanyika wikendi ni kazi ya ziada iliyovalishwa jina zuri.

Fikra. Michezo mingine inawasha. Hii inampa mtu muda wa kuzama. Ila msitarajie bidhaa. Mfano unaotajwa sana ni karatasi za kunata za 3M, kampuni iliyowaruhusu watu wake 15% ya muda kwa mambo yao. Spencer Silver alipata gundi ile mwaka 1968, Art Fry akafikiria matumizi yake mwaka 1974, na zikauzwa kote Marekani mwaka 1980. Miaka 12. Siku moja inatosha kugundua kwamba mtu wa ikoni anajua kuhuisha picha, jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Uhusiano. Hutegemea sheria moja. Mkiiacha wazi, kila mtu atajifungia na vipokea sauti masikioni, na jioni mtakuwa mmetengana vile vile. Mkiagiza kila mtu afanye na mwenzake ambaye hajawahi kushika naye mradi, mambo hubadilika.

Mkimya na aliye mbali. Wote wawili wanaifurahia, kwa kuwa wanafanya kwa namna yao. Kikwazo ni onyesho la jioni, ambapo wasemaji huteka muda. Dawa ipo tangu Tokyo mwaka 2003, ambako Astrid Klein na Mark Dytham, wasanifu majengo, walianzisha PechaKucha: picha 20, sekunde 20 kila moja, zikisonga zenyewe. Dakika 6 na sekunde 40, basi. Kwa siku moja ya kazi, picha 5 zinatosha.

Kinachobaki. Vitu halisi, kuliko aina nyingine yoyote. Lakini vikishangiliwa na kuzikwa, mara ya tatu watu wataleta kazi za kujikosha. Kabla ya siku yenyewe amueni nani atachukua walau kitu kimoja na kukiingiza kazini.

Inawafaa timu zenye ujuzi zilizochoshwa na kazi za kujirudia, na zile ambazo watu wake wana vipaji visivyotumika.

## Kwa hali yenu

Mnapatana lakini mawazo ni yale yale: anzeni na michoro 8 juu ya mradi halisi, dakika kumi kila wiki, kwa mwezi mzima. Ikishakuwa mazoea, ongezeni siku huru moja kwa robo mwaka. Kuanza na siku huru wakati fikra zimekauka ni kumpa mtu siku nzima ya kukodolea skrini.

Mawazo yapo ila hayasemwi: matofali kwanza, maigizo baadaye. Kati yake acheni wiki kadhaa, muone kama yaliyosemwa kwenye matofali yamefanyiwa kazi. Kama hayakufanyiwa, msiendelee na mchezo wowote. Watu wameshapata jibu lao.

Mmeunganishwa timu mbili ambazo hazijuani: mnara wa tambi kwa makundi yaliyochanganywa, kisha mchezo wa kukunja karatasi. Ni nyepesi zote mbili, na hazimtaki mtu aseme lolote kuhusu maisha yake.

Wote mko mbali, kila mtu kwenye skrini yake: kuchora kwa njia ya Rohrbach, na siku huru ya wawili wawili. Matofali yangojeni mtakapokutana ana kwa ana.

Muda wa mwisho umewafikia shingoni: michoro 8 kwenye kazi hiyo hiyo, kisha mrudi kazini. Kila kitu kingine kitaonekana kama dhihaka.

Watu wamechoka kwa mzigo wa kazi, au wenzao wamepunguzwa kazini juzi juzi: hakuna aina hata moja kati ya hizi nne inayofaa sasa. Fanyeni kikao cha wazi kuhusu mzigo huo, muondoe kinachoondoleka, na mchezo uje mwezi mwingine.

Mna mtu mmoja asiyetaka kabisa kucheza: mpeni kazi ya kushika saa. Yuko chumbani, ana jukumu, na hatazamwi. Baadhi yao huomba kalamu wenyewe baada ya mzunguko wa pili. Asipoomba, msimwulize.